Nyanya Alipopaka Nywele Rangi

Mwezi uliopita niliingia saluni moja pale Makutano, mjini Meru. Msichana wa saluni alipofungua chupa ya rangi ya nywele, harufu yake kali ilinipanda puani nikashika kiti kwa mikono miwili. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Wewe nitakuambia ukweli: niliogopa kama mtoto.

Nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa na nyanya yangu huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Asubuhi zetu zilinuka moshi wa kuni na chai ya maziwa, mbuzi wakilia kudai majani. Wiki moja mjomba, kitindamimba wa nyanya, alikuwa anaoa, na nyanya hakutaka kuonekana mzee mbele ya wakwe. Mama mdogo alimletea rangi nyeusi kutoka mjini.

"Mama, tupake kidogo kwanza nyuma ya sikio," akamsihi. "Tungoje siku mbili tuone kama itakuwasha."

"Ngozi hii imechomwa na jua maisha yote," nyanya akacheka. "Itaogopa maji meusi?"

Mama mdogo alipoondoka tu, nyanya akajipaka yote, mimi nikimshikia kioo. Jioni alikuwa anajikuna shingo. "Ni mbu," akasema.

Asubuhi aliniita kwa sauti nzito. Nilipofungua mlango, kitandani alikaa mtu nisiyemjua: paji la uso limefura, macho yamezibwa kabisa, masikio yanatoa maji. Nikapiga kelele.

"Mwari, binti yangu, ni mimi," akasema, akinyoosha mkono upande ambao sikuwepo. "Usikimbie. Sioni."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka kwa jirani yetu Mwislamu, aliyesafirisha miraa kwa pikapu, nikamwambia nyanya amegeuka mtu mwingine. Alikuja mbio.

"Mama, unapumua vizuri?"

"Kifua kinabana, mwanangu."

Akambeba mpaka garini. Njia nzima nilikaa katikati yao, nikisikiliza pumzi ya nyanya ikikwaruza.

Hospitalini walimdunga sindano, wakamwosha kichwa kwa maji mengi. Muuguzi aliniinamia, akaniambia kama anayeongea na mtu mzima, "Mwili wake umeikataa hiyo rangi. Akiipaka tena inaweza kumuua."

Harusi ilipita bila yeye. Tuliletewa mukimo wa viazi na mahindi, na nyama, kwenye bakuli, tukala wawili jikoni, yeye amejifunika leso usoni ili nisiogope.

Uvimbe uliisha, hofu yangu haikuisha. Kwa muda mrefu niliamka kabla yake, nikanyemelea kitanda chake, nimtazame. Ulikuwa uso wake. Ndipo nilipoweza kwenda kuwasha moto.

Nyumba ile imebomolewa, kahawa imeng'olewa, na nyanya amelala chini ya udongo. Mimi bado huamka mapema. Sina pa kunyemelea.