Mnazi, Mkarafuu na Hatua Kumi na Tisa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, barazani kwa sheha, mdogo alimpiga kaka yake ngumi ya mdomo. Nakumbuka dakika kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nimetazama saa, nikipima kama nitaiwahi gari ya kurudi Chake Chake. Jino lilidondoka juu ya picha iliyokuwa mezani. Picha ile niliipiga mimi.

Walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, na kila ugomvi wao uliishia kwenye mama zao. Shamba la marehemu baba yao lilikuwa limegawiwa kwa mnazi mmoja mrefu: bondeni kwa mkubwa, kilimani kwa mdogo. Nyuma ya mnazi, upande wa kilimani, kulikuwa na mkarafuu uliozaa kuliko yote. Msimu ulipofika, mkubwa alidai kwamba mti ule uko mpakani, hivyo karafuu zake wagawane nusu kwa nusu. Mdogo akasema uko ndani kwake. Sheha alikuwa mgonjwa wa magoti, kile kilima hakiwezi, akataka aletewe picha. Mkubwa akaja kwenye duka langu la picha na kunilipa shilingi elfu kumi na tano.

Nilikuwa na lenzi mbili. Moja ya milimita hamsini, isiyovuta. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, unakiendea kwa miguu yako. Ya pili ilikuwa zumu, inayovuta mpaka mia mbili, niliyoinunua laki nne na nusu wiki tatu kabla. Tangu siku ile hamsini ilikuwa imelala kabatini. Bonde lilikuwa limejaa maji ya mpunga, nami nilivaa viatu vizuri. Nikasimama ng'ambo, mnazi ukiwa mbele na mkarafuu nyuma yake, nikavuta zumu mpaka mwisho, nikabonyeza. Picha ilitoka safi sana. Niliisifu mwenyewe.

Sheha aliisogeza karibu na macho. "Mbona hii imegusana?" akamwuliza mdogo. "Weye si ulisema mbali?"

"Mbali, mzee. Twende nikakuoneshe."

Mkubwa akacheka. "Kamera haina mama, yakhe. Au nayo utasema mamangu kaizaa?"

Hapo ndipo ngumi ilipotoka. Mkubwa alianguka na meza, akainuka na panga lililokuwa limeegemezwa mlangoni. Mdogo alikinga kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili, cha mwisho na cha jirani yake, vilibaki kwenye saruji, na damu ikamrukia sheha kifuani. Nilimkamata mkubwa miguu. Akanipiga teke la mbavu ambalo mpaka leo nikikohoa nalisikia. Watu wakamlalia, wakamfunga kwa kamba ya mbuzi.

Ndani ya gari ya kwenda hospitali mdogo alikuwa amezungushiwa kanga mkononi, imelowa tepetepe. 

"Weye ndo ulonikata," aliniambia. "Yeye kashika panga tu."

Kesho yake nilifanya jaribio nyuma ya nyumba. Niliweka ndoo mbili za ukubwa mmoja, moja nyuma ya nyingine kwa hatua kumi. Kwa hamsini nilisimama hatua ishirini kutoka ya mbele: ya nyuma ilionekana kama theluthi mbili tu ya mwenzake. Kwa zumu nilirudi nyuma mpaka hatua ya themanini kutoka ndoo ileile, nikavuta mpaka ndoo ya mbele ikawa kubwa vilevile: sasa ndoo zilikaribia kulingana, kama zimewekwa bega kwa bega. Kisha nikaleta zumu pale kwenye hatua ishirini. Ikatoa jibu lile la hamsini. Lenzi haikuwa na kosa. Kosa ni mahali niliposimama, na zumu ilinipa ruhusa ya kusimama huko.

Siku ya tano nilirudi shambani na hamsini peke yake. Mkubwa alikuwa ameshatoka kwa dhamana, ameuegemea mnazi, mawe matatu miguuni pake. Mdogo alibaki chini ya mkarafuu, mkono umetundikwa shingoni. Ili miti yote miwili iingie kutoka ubavuni nilihitaji hatua thelathini. Zaidi ya hapo mikarafuu mingine inaziba. Hatua thelathini jiwe linafika. La kwanza lilipita. La pili lilinichana sikio, na katika picha ya kwanza mkono wake bado uko hewani. La tatu alilishika tu.

Nikaenda kwenye mkarafuu, nikaanza kuhesabu kwa sauti kuelekea mnazini. Ya mwisho iliishia mbele ya uso wake.

"Kumi na tisa," nikamwambia.

Akanipiga kofi, mdomo ukapasuka. "Hesabu tena."

Nikarudi, nikahesabu tena, nikitema damu kati ya hatua. Zikawa kumi na tisa. Akaliangusha jiwe, akateremka bondeni ndani ya maji.

Sheha aliziweka picha mbili pamoja, akaipindua ile ya zumu kifudifudi. Mkarafuu ukawa wa mdogo. Lakini kupanda hawezi. Tawi la karafuu linataka mkono mzima wa kulishika na mwingine wa kuchuma. Aliweka wachumaji wa kulipwa kwa pishi, naye akakaa jamvini akichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa mkono mmoja. Nilipopita kumsalimia aliniitikia salamu, basi.

Mkubwa nilimrudishia elfu kumi na tano zake. Alizipokea, akazihesabu. Zumu niliiuza Wete kwa mpiga picha wa harusi, laki mbili na elfu themanini. Hasara yangu yote ni shilingi laki moja na elfu themanini na tano.