Nyumba ya Wasaksoni

Nikisikia harufu ya gundi, huiona fleti yetu ya Bur Dubai. Nilikuwa najenga nyumba ya Wasaksoni kwa boksi la viatu, paa nikiliezeka kwa njiti za ufagio. Mwalimu alitwambia watu hao walivuka bahari wakahamia Uingereza, na Kiingereza kikatokana na lugha yao.

Baba aliingia mapema, akaketi sakafuni. Kafeel, tajiri aliyemdhamini, alikuwa amekataa kumwongezea viza.

“Khalas, yamekwisha, mamangu. Tunarudi Mombasa.”

“Wasaksoni kafeel wao alikuwa nani?”

“Hawakuwa naye.”

“Sasa nani aliwaruhusu kukaa?”

Baba alichukua mkasi anisaidie kukata mlango. Mlango ulitoka upogoupogo, nami nikamwambia ni mzuri.