Tokeni ya Dada Fundi

Enzi zile nikifagia ofisi, fundi wetu wa kompyuta alikuwa akigonga meza kwa kifundo cha kidole kabla ya kubonyeza chochote, kama anayebisha hodi. Programu yetu ya maduka ilikuwa ikiibwa ovyo, basi akaiwekea mlango: bila tokeni, namba ndefu kama za umeme, haiingii kwenye mashine, na kila tokeni mashine moja tu. Siku moja akaja kaka yake, duka limekwama kwa kukosa tokeni.

“Nipitishe tu, dada. Si damu moja?”

“Mashine haijui shangazi wala mjomba, kaka.”

Kisha akamsomea polepole tokeni aliyokuwa amejiwekea kwa mashine yake mwenyewe. Mchana kutwa fundi alikaa mbele ya kompyuta yake isiyo na programu, akinisimulia utoto wao, miguu ameinua nipitishe ufagio.