Asishuke wa Pili

Nazira hana marafiki wengi, na mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tuolewe siwezi kusema watu wanamwonea. Ana mdomo mkali, hana cheko la bure, na akikupa chupa ya mvinyo wa nyumbani kwao utadhani anakutoza faini. Lakini nikiwasikia wanawake wa kanisani wakimwita jiwe, damu inanichemka. Wao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo mara zote mbili.

Mara ya kwanza alikuwa bado mbichi, mwanawe Jiryes ananyonya. Shamba lao ni lile la mteremkoni, juu ya barabara ya kwenda Zahle, mizabibu mifupi isiyojua maji ya mfereji. Chini ya nyumba wamechimba ghala kwenye mwamba, na humo kuna matangi ya saruji yaliyozama sakafuni. Mvinyo ukishachachuka na kuvutwa kwa bomba, chini hubaki machicha ya zabibu, na lazima mtu aingie na koleo kuyatoa. Machicha hayo yanakuwa bado yanapumua. Hewa yake haionekani, ni nzito, hulala chini ya tangi, na anayeivuta huanguka kabla hajamaliza kumwita Bikira Maria.

Habib, shemeji yake Nazira, aliingia akaanguka. Milhem, mumewe Nazira, akashuka mbio kumtoa ndugu yake, akamwangukia juu. Nazira alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi nilipomkumbatia kiunoni nikamvuta nyuma. Alinikwaruza uso mpaka nikavuja damu, na sikumwachia. Tukazika ndugu wawili siku moja, kijiji kizima kikimsifu Milhem kwamba alikufa kifo cha mwanamume. Nazira hakusifu. Aliniinamia pale makaburini, macho makavu, akasema, "Habib kauawa na bahati mbaya. Huyu wangu kauawa na ujinga."

Tangu siku ile nyumba ikawa na sheria moja: asishuke wa pili. Kabla mtu hajaingia tangini, mshumaa uliowashwa unateremshwa kwa waya mpaka chini. Ukizimika, hakuna kuingia. Anayeingia anafungwa kamba kifuani. Akianguka, walio juu wanavuta, basi. Hakuna kumfuata, awe baba, awe mama. Jiryes aliijua sheria hiyo kabla ya kujua Baba Yetu.

"Nikianguka humo utafanya nini?" mama yake alikuwa akimuuliza, wamekaa ukingoni mwa tangi tupu.

"Nitavuta kamba."

"Nikikuita je?"

"Nitavuta kamba."

"Nikilia?"

Hapo mtoto mwenyewe alikuwa analia. Nikamwambia, "Mama Jiryes, unamtesa huyu." Akanijibu kwamba mwana si wangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikamwacha.

Shamba alilishika mwenyewe. Mwezi wa sita, alfajiri kabla upepo haujaamka, alikuwa akipita kati ya mizabibu na mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kitambaa puani, anarudi manjano mpaka nyusi. Majani mateule aliyakunja, akayatia mitungini na maji ya chumvi, yapikwe majira ya baridi. Zabibu hakuruhusu mtu aonje hata punje mpaka Padri azibariki Sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana, mwezi wa nane. Mwanangu Tanios aliwahi kuiba kishada kabla ya sikukuu. Nazira alimleta kwangu kamshika sikio, akamwachia mlangoni bila hata salamu. Baada ya sikukuu ndipo mavuno, na nyigu, na joto la kupasua mawe, na vibarua Wasyria chini ya mahema yao mwisho wa shamba. Mwaka hadi mwaka mvinyo ulitoka, na mwana akakua.

Jiryes alipooa, alimleta Rindala kutoka mjini Zahle, msichana wa vicheko, anayesema na kila mtu mpaka na kuku. Nilimpenda. Nazira alimtazama tu.

"Mama mkwe, mshumaa tena?" Rindala alimtania mavuno ya kwanza. "Nani kafa?"

"Wawili," Nazira akamjibu, akaendelea kufunga waya.

Kiangazi kilichopita Rindala alikuwa mjamzito, tumbo limeshamtangulia. Joto lilikuja mapema, zabibu zikaiva kabla ya wakati, na kazi yote ikabanana. Wanaume wengi wa kijiji wako ng'ambo, kwa hiyo kila mtu alikuwa anafanya kazi ya watatu. Umeme nao unajulikana: unakuja ukitaka, na mwenye jenereta ya mtaa anaizima akitaka.

Siku ile asubuhi walipima vizuri. Feni ilikuwa inavuma mdomoni mwa tangi, mshumaa ukashuka na kurudi unawaka, Jiryes akafungwa kamba, akapiga koleo mpaka mchana. Alipotoka kula hakuifungua hata kamba. Alikaa mezani nayo kifuani, Rindala akamcheka, "Nimeolewa na punda, jamani!" Akamlisha saladi ya tabule kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nimepita kuomba limau, nikacheka nao. Nazira alikwisha kurudi shambani kwa vibarua.

Wakati tunacheka, umeme ulikuwa umekatika. Feni ilikuwa imesimama, na hakuna aliyeisikia ikinyamaza.

Jiryes aliteremka ghalani, akakuta giza. Zamani mtu akikuta giza huwasha mshumaa, na mshumaa huohuo ndio unaomwambia ashuke au asishuke. Siku hizi kila mmoja ana tochi ya simu. Taa ya simu haina habari na hewa mbaya. Aliiona sakafu ya tangi inang'aa, akaona kazi imebaki kidogo, akashuka.

Nilikuwa nimeshafika kwangu na limau zangu niliposikia yowe la Rindala kutoka ghalani. Nilikimbia, na Khalaf, msimamizi wa vibarua, akanipita mlangoni na mwenzake.

Nilichokiona humo sijakisahau. Simu ilikuwa imeanguka juu ya machicha, bado inawaka, inammulika Jiryes kalala ubavu, mdomo wazi. Juu, Nazira, aliyetangulia kufika kutoka shambani, alikuwa sakafuni amemkalisha Rindala mapajani, amembana kwa miguu yote miwili, mkono mmoja umemzunguka kifuani juu ya tumbo. Mkono wa pili ulikuwa umejizongea ncha ya kamba, lakini Jiryes ni jitu la watu, na mwanamke mmoja, kwa mkono mmoja, hawezi kumnyanyua. Alikuwa na njia mbili. Amwachie mkwewe akavute kwa mikono miwili, na mkwewe ashuke. Au ambane mkwewe, na mwanawe abaki chini mpaka watu waje. Alikuwa ameshachagua. Rindala alikuwa amemng'ata mkono, na meno hayajatoka.

"Niachie! Anakufa! Mume wangu anakufa, mchawi wee!"

"Vuteni!" Nazira akatupigia kelele. "Asishuke mtu! Khalaf, usishuke! Vuteni!"

Tukavuta. Alipanda kama gunia, kichwa kikigonga saruji, na uso wake ulikuwa na rangi ya zabibu. Khalaf alimlaza palepale mlangoni mwa ghala, kwenye upepo, akampulizia mdomoni, akamkandamiza kifua, akampulizia tena. Jiryes akatapika, akavuta pumzi. Hapo ndipo Nazira alipomwachia Rindala, akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Jiryes alilazwa hospitali mjini, akapona, isipokuwa mkono wa kushoto unaotetemeka. Maneno yakafika nyumbani kabla yake. Rindala alimweleza kila aliyekuja kumpa pole: mama gani anambana mke wa mtu huku mwanawe anakufa mbele ya macho yake? Na wanawake wale wakatikisa vichwa, wakapata neno lao: jiwe. Niliwaambia wakaulize nani alipanda hai kutoka kwenye tangi lile mara ya kwanza. Wakaniambia mimi na Nazira ni pete na kidole.

Nilimfuata Jiryes uani, nikamwambia, "Mwanangu, wewe sheria unaijua. Umeiimba toka utotoni."

"Naijua, Mama Tanios."

"Sasa mbona husemi na mama yako?"

Aliushika mkono wake unaotetemeka. Halafu akasema, "Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini nilipokuwa chini, kabla sijazimika kabisa, nilimwona pale juu. Nilitaka aivunje. Mara moja tu, kwa ajili yangu."

Hata mimi, angekuwa Tanios wangu, sijui kama ningebaki juu.

Walihama kabla ya mavuno kuisha, kwenda kwa wazazi wa Rindala. Siku hiyo nilisaidia kubeba mabegi. Jiryes alishaingia garini, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Nazira alitoka na mtungi wa majani ya mzabibu, akauweka kiti cha nyuma bila kuambiwa. Mkono wake ulikuwa na alama ya meno, imeanza kuwa ya njano.

Rindala akasimama mbele yake, tumbo katikati yao.

"Huyu mtoto hutamshika," alisema. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Akikua akaniuliza kwa nini hana bibi, nitamwambia. Nitamwambia ulimwacha baba yake chini, ukanibana mimi."

Nazira alimtazama, kisha akalitazama tumbo, kisha akamtazama mwanawe kwenye kioo cha gari.

"Mwambieni," alisema. "Mtakuwapo, wewe na baba yake, wote wawili."