Viti Viwili vya Kigari

Mwanamke wa ofisi ya safari pale mjini Tunja, Kolombia, huchomeka kalamu kwenye nywele na kumsikiliza mteja bila kumkatiza, vidole vikilainisha pembe za ramani. Siku ile Don Eliécer alitaka kwenda Cartagena, mji wa pwani, akaone kuta zake za kale. Mkewe, Doña Rubiela, alitaka bustani ya burudani yenye vigari vinavyoporomoka juu ya reli.

“Uzee huu na vigari, mke wangu?” mume alicheka.

“Tangu tumzike mwanetu sijapiga ukelele,” mkewe akasema taratibu. “Kule wanapiga wote. Hakuna atakayeniuliza.”

Mwanamke wa ofisi akaikunja ramani ya Cartagena, akamwinamia Don Eliécer, akasema kwa sauti yake ya chini, “Mzee wangu, vigari vile vina viti viwiliviwili.”

Don Eliécer akautafuta mkono wa mkewe. “Basi tukatie tiketi za viti vyote viwili.”