Mishale Miwili Kwenye Dira ya Babu

Mama alinikabidhi dira ya shaba iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa ya baba yake, aliyewahi kuwa mpishi katika kambi ya jeshi la Waingereza. Aliporudi nayo nyumbani, majirani walisema ameiiba, na Mama alikua akiyasikia hayo kisimani na hata kanisani. Nyumbani kwetu Runyenjes dira hiyo haikuwahi kukaa mezani.

"Nimezeeka," aliniambia. "Nataka kujua hiki kitu ni cha lini."

Niliipeleka Meru mjini kwa fundi wa saa, mzee Mwislamu anayenitengenezea saa tangu nianze kufundisha. Nilikuwa nimebeba dawa ya kung'arisha shaba. Akaisogeza kando.

"Ukiisugua, mwalimu, utafuta maandishi."

Aliipangusa kwa kitambaa kikavu, akavaa lenzi yake jichoni. Alinionya nisifungue kioo chake, kwa sababu ile rangi iliyozifanya namba zing'ae gizani ina sumu. Kwenye mfuniko alinisomea jina la kiwanda cha Uingereza, namba, na mwaka ulioangukia katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Chini yake palikuwa na mshale mdogo kama unyayo wa kuku.

"Hii ni alama ya mali ya serikali yao," akasema.

Nilianza kufikiria nitakachomwambia Mama.

Fundi akaendelea kuigeuza polepole. Karibu na bawaba akakuta mishale mingine miwili, imegusanisha ncha.

"Hapa jeshi lenyewe limeiachilia. Baada ya vita waliuza vifaa vingi, wakavipiga alama hii."

"Kwa hivyo babu hakuiba?"

"Dira haiwezi kusema ilifikaje mkononi mwake. Lakini kambini hakuna aliyekuwa akiitafuta. Haikuwa yao tena."

Jioni nilimweleza Mama yote kwa Kiembu. Aliitafuta ile mishale kwa kidole mpaka akaipata, akakaa nayo mapajani muda mrefu.

Jumamosi alichuma maparachichi ya kumpa fundi, akakataa nimpelekee. Tulikwenda pamoja. Kiswahili chake ni kidogo, na njiani alinifanya nimfundishe maneno aliyoyataka. Mlangoni kwa fundi akavua kofia yake ya sufu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mzee," akasema, "kwa kumwangalia baba yangu vizuri."