Uongo wa Mlangoni

Kwenye kikao chetu cha walimu wa Kiingereza hapa Ruangwa tuna desturi moja niliyoianzisha mimi mwenyewe. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniumbua. Kila mwezi mmoja wetu anafundisha somo, na sisi wengine tunageuka wanafunzi wa kidato cha kwanza, magoti yamebanwa na madawati. Mwishoni kila mtu anasimama na kutaja alichoiba. "Mimi nimeiba namna ulivyogawa makundi." "Mimi nimeiba zile kadi za maboksi." Wizi wa kutangaza si wizi, nilikuwa nikiwaambia. Ni rahisi kusema hivyo kama kwa miaka yote anayeibiwa ni wewe.

Halafu akahamia mwalimu mmoja kutoka Nachingwea, akapangiwa shule ya upande wa Likunja. Yeye ana stashahada. Mimi nina shahada mbili, na kwa ile ya pili niliandika kurasa nyingi kuhusu woga wa wanafunzi kuzungumza lugha ya kigeni. Sijasikia mwanafunzi yeyote aliyefunguka mdomo kwa sababu ya kurasa zile.

Zamu yake ilipofika alikuja mikono mitupu, hata bango hakubeba. Alitutoa nje wote, akasimama mlangoni, akasema yeye ni mlinzi. Ukitaka kuingia, mwambie uongo mmoja kwa Kiingereza. Ukisema kweli, unarudi nyuma ya mstari.

Mwalimu wa Chunyu, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwambia kwamba kuku wake ana leseni ya udereva. Akaruhusiwa. Aliyemfuata alisema amechelewa kwa sababu alikuwa anamnyoa simba. Walimu ambao kwenye vikao vyangu hujificha nyuma ya madaftari walikuwa wanasukumana ili wafike mlangoni. Nikiwa kwenye foleni, nikaelewa jambo ambalo kurasa zangu zote hazikulisema: anayesema uongo haoni aibu kukosea, maana hayo si mambo yake. Nilielewa, na moyo ukaniuma kama mtu aliyemkuta jirani anavuna korosho nono kuliko zake, kwenye mkorosho ambao yeye alikuwa akiupita kila siku.

Ilipofika saa ya kutaja wizi, wote walitaja mlango. Nikasimama mimi.

"Leo sijaiba kitu."

"Mwalimu wangu," akasema yule mgeni wa Nachingwea huku anacheka, "msomi mzima utoke hapa mikono mitupu?"

"Mitupu, dada. Hivi wazazi watatuelewaje wakisikia tunafundisha watoto wao uongo?"

Mwalimu wa Chunyu akaguna. "Huyo kimemkaa kooni," akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kutosha.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa langu.

Nilijiambia nafanya utafiti. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wananisubiri uwanjani na uongo wao mikononi, umeandikwa kwa kalamu. Msichana mmoja ambaye tangu afike shuleni sikuwahi kumsikia sauti alinitazama usoni, akasema kwa Kiingereza kwamba mwalimu wao hajawahi kuchelewa. Nikampisha. Nilifurahi, kisha nikakumbuka furaha ile ni ya nani.

Wiki chache baadaye akaja mdhibiti ubora wa shule, mama mmoja mpole mwenye kuandika sana. Akakaa nyuma, akaona foleni, akasikia uongo zaidi ya arobaini. Kipindi kilipoisha alinifuata.

"Hii umeitoa wapi, mwalimu?"

"Ni utundu tu wa darasani," nikasema. Jibu halina mwenyewe, unaweza kuliacha popote.

"Basi kikao kijacho nakuja. Uwaonyeshe wenzako. Natafuta mtu mmoja wa kwenda Lindi kuwafundisha walimu wa mkoa."

Safari hiyo ya Lindi nilikuwa nikiisubiri tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Sasa mdhibiti alikuwa ameniwekea mkononi, na ilikuwa mali ya mtu.

Nilipanga kusema ukweli mwanzoni mwa kikao. Ikaja chai na mihogo ya kuchemsha, nikaona nisiwakatishe watu wanakula. Mdhibiti akakaa mbele, kalamu tayari. Wenzangu wakatoka nje wenyewe, hakuna aliyehitaji maelezo, wakapanga mstari. Mwalimu wa Chunyu aliangalia bati la paa kana kwamba linavuja.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mwenye mchezo, yule dada wa Nachingwea.

Alisimama mbele yangu kama mtoto wa kidato cha kwanza, mikono nyuma. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila mtu asikie: "Mwalimu, mchezo huu umeubuni wewe."

Nilikuwa mlinzi. Nikimwambia arudi nyuma ya mstari, maana yake amesema kweli. Nikimruhusu aingie, amesema uongo. Nyuma yangu kalamu ilikuwa imesimama.

"Ingia," nikasema.

Akapita pembeni yangu, akaenda kukaa dawati la mbele. Mdhibiti alimtazama yeye, kisha mimi.

"Kwa hiyo huo ni uongo?"

"Ni uongo, mama. Mchezo ni wake. Mimi niliiba, na sikutangaza."

"Umetangaza," mwalimu wa Chunyu akasema kutoka nje. "Ila msafara ulishapita."

Lindi alikwenda yule dada. Alirudi na begi la semina na hadithi za walimu wa mkoa mzima wanaodanganyana mlangoni, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikampongeza. Nyumbani nilikaa nikaiandika ile sentensi yake ya mlangoni, nikaipitia neno kwa neno kama insha ya mtihani, kalamu nyekundu mkononi. Nilitafuta kosa hata moja. Halikuwamo.